Gofu Alilopewa kwa Kicheko

Mize alirudi Kitongani na kitanda kimoja, masanduku mawili na jiwe la kusagia mtama aliloachiwa na bibi yake. Vitu vyenyewe vilipandishwa juu ya gari ya ng'ombe ya kaka yake Machano, na Mize akatembea nyuma yake kwa miguu kutoka barabara kuu mpaka kijijini. Machano alimwambia apande. Hakupanda. Biharusi ndiye anayepandishwa juu ya vyombo vyake akapigiwa vigelegele, na yeye hakuwa biharusi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetolewa ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na alitaka kila aliyekaa barazani siku ile amwone anatembea.

Nyumba aliyotolewa iko Kiembe Samaki, na mpaka leo ndege zikitua hupita juu ya mabati aliyoyanunua yeye. Wanaomjua hawabishi hilo. Usi, mumewe, alitafuta kiwanja. Mawe, saruji, boriti na mabati vilitoka katika mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama, ambao Mize aliuoka alfajiri akaupeleka sokoni Mwanakwerekwe akiwa ameufunga kwa kitambaa ili ufike na moto wake. Mafundi walipokosa maji ya kukorogea, yeye aliyachota. Walipokosa mtu wa kupandisha ndoo, alijifunga kanga kiunoni akapandisha. Usi alikuwa akija jioni kutazama ukuta umefika wapi, na wapita njia wakimpongeza.

Talaka ilitoka siku ya wageni. Wanaume walikuwa wameshakula, wamejinyoosha barazani wanangoja kahawa, na kahawa ikachelewa kidogo. Usi akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kuchekesha wenziwe:

"Mke huyu nshamchoka. Mize, nimekuacha. Talaka tatu. Nenda kwenu."

Watu wakacheka. Machano alikuwamo barazani, na yeye akacheka. Mize alikuwa amesimama na sinia la kahawa mkononi. Asubuhi yake alimfuata Usi kwenye kioo, anachana nywele.

"Bwana, jana ulikuwa unafanya mzaha?"

"Muulize kaka'ko, alikuwapo."

Akamuuliza kaka yake. Machano hakumtazama usoni. Alikuwa rafiki wa Usi, wakichinja na kuuza ng'ombe pamoja.

"Keshasema, Mize. Kasema mbele ya watu. Neno kama lile halina mzaha. Funga vitu vyako."

Eda yake haijesha, mke mwengine keshatundika mapazia. Kila ofisi aliyokwenda kudai aliulizwa karatasi, na karatasi ilikuwa na jina la Usi. Mize hakusoma, lakini hakuhitaji kusoma ili kujua kuwa jasho lake halikuandikwa popote. Maneno yale ya Machano aliyaweka. Kuna watu huweka dhahabu sandukuni. Mize aliyaweka maneno ya kaka yake, kila neno mahala pake, pamoja na kicheko kilichotangulia.

Mwaka uliofuata baba yao alifariki, na ikaja siku ya kugawa mirathi.

Huko shamba watu hawagawi ardhi. Ardhi ni ya serikali. Mali ya mtu ni mti wake. Kwa hivyo siku ya mirathi watu hutembea. Maalim Ubwa, aliyewasomesha wote Kurani chuoni, alitangulia na kopo la chokaa na kipande cha gunia, nyuma yake Machano na Mize, nyuma yao sheha wa kijiji na majirani. Kila mnazi na kila mkarafuu ulitiwa alama ya chokaa: mistari miwili wa Machano, mstari mmoja wa Mize. Mwanamme ana mafungu mawili, mwanamke ana moja, na Mize hakubishana na sharia. Kilichomkera ni namna minazi ya njiani, yenye nazi nene, ilivyojikuta yote ina mistari miwili, na ile ya bondeni inayoliwa na chonga, mdudu wa minazi, imejikuta ina mmoja.

Walipomaliza miti wakajikuta mbele ya gofu.

Gofu lile lilikuwapo kabla ya mzee wao. Ni nyumba ya shamba ya Waarabu wa mwanzo, wale waliokuja kutoka Omani wakafyeka msitu wakapanda mikarafuu. Baada ya Mapinduzi mzee aligaiwa eka tatu, na gofu likaangukia ndani ya mipaka yake kama jiwe ndani ya mchele. Paa la nyumba kubwa lilikuwa limeshaanguka zamani. Ulibaki ukuta mmoja mrefu wa mawe na chokaa, wenye safu tatu za vidaka vilivyonakshiwa, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, birika la maji lililojaa majani, na chumba kimoja cha pembeni chenye dari yake nzima. Nusu ya Kitongani ilisimama juu ya mawe ya gofu lile. Mtu akitaka msingi alikuja na gari ya ng'ombe akachukua. Watoto waliambiwa mna mashetani, na watu wazima hawakuamini ila magharibi.

"Na hili?" akauliza Maalim Ubwa.

Machano akalitazama gofu, akamtazama dada yake, akawatazama watu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata minazi ya njiani.

"Hili mpeni Mize. Mke aliyeachwa na nyumba iliyoachwa, watafahamiana. Akae na mashetani wenzake."

Watu wakacheka. Kicheko ni kile kile. Mize alikitambua kama mtu anavyotambua mlango wa nyumba yake.

"Maalim, umesikia alivyosema kaka?"

"Nimesikia."

"Bwana sheha?"

"Nimesikia, Bi Mize," akasema sheha, naye anajifuta machozi ya kucheka.

"Basi nimepokea."

Wakacheka zaidi. Maalim Ubwa hakucheka. Alichovya kipande chake cha gunia katika kopo, akaenda mpaka penye ukuta, akatia mstari mmoja mweupe kwenye jiwe la pembeni, kama alivyotia kwenye minazi ya Mize. Kisha akasoma Fatiha, wakaenda kula.

Siku ya pili Mize alianza kufagia.

Alitoa majani birikani, akakata vichaka, akaondoa nyigu kwenye vidaka. Ndani ya chumba cha pembeni akajenga tanuri la mofa kwa udongo wa bondeni. Tangu hapo kila asubuhi moshi ukatoka kwenye gofu, na harufu ya mtama ikashuka mpaka kwenye msikiti. Kwanza watu waliona haya kununua mkate uliookwa kwa mashetani. Halafu Ramadhani ikaingia, wakasahau haya. Mkate uliobaki aliupeleka mjini, Mlandege, kwa mwenye duka aliyejua mofa ni nini. Kila karibu na Idi alinunua chokaa kidogo akazitia upya alama zake zote: minazi ya bondeni, na jiwe la pembeni la gofu.

Aliyekuja na gari ya ng'ombe kuchukua mawe alimkuta Mize mlangoni na unga mikononi.

"Unatafuta nini, baba?"

"Vijiwe viwili vitatu, Bi Mize. Nnatia msingi."

"Ukuta wa nyumba yako nikija nikachukua vijiwe viwili vitatu, utanipa?"

"Aa, ile nyumba."

"Na hii nini? Kabati?"

Waliokuja hivyo waliondoka wanacheka, lakini waliondoka mikono mitupu, na baada ya muda hawakuja tena.

Riyama, jirani yake na shoga yake tangu utotoni, ndiye aliyekuwa akikaa naye wakati mkate unaiva. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, ameolewa mara tatu, na kila mume alimfanya amsifu aliyemtangulia.

"Shoga, hebu niambie kweli. Unaliogopa?"

"Nani, gofu? Nimelala na Usi miaka ishirini na mbili, nitaogopa gofu?"

Ukweli ni kwamba Mize hakuwa akiliona gofu kama walivyoliona wengine. Jina lake alipewa la bibi mzaa bibi yake, Mize mkubwa, na Mize mkubwa alikuwa mtumwa wa shamba lile. Hayo hayakusemwa sana nyumbani. Yalikuwa yakisemwa jikoni tu, mlango umefungwa. Bibi alimhadithia jinsi dari, lile paa bapa la chokaa, ilivyopigwa. Mafundi walipanga boriti na mawe, wakamwaga chokaa na kokoto, halafu wakaitwa wanawake, kila mmoja na kijiti chake bapa, wakapanda juu wakakaa safu wakapiga. Mmoja akiimba, wengine wakiitikia, na mapigo yakifuata wimbo, kwa sababu wimbo ukikatika mkono unachoka. Walipiga mpaka chokaa ikawa jiwe, na maji hayapiti. Hakuna aliyewalipa. Nyumba ilipokwisha, wenye nyumba wakaingia, na wanawake wakarudi kwenye mikarafuu.

Chumba cha tanuri ndicho pekee kilichobaki na dari ile. Mvua ya masika ikinyesha, Mize alikaa chini yake akanyoosha kiganja, akangoja tone. Tone halikuja. Ndipo alipokuwa akihisi kitu ambacho hakukipata Kiembe Samaki wala ofisini: kwamba aliyejenga hafutiki kirahisi, hata akifukuzwa.

Basi ilikuwa hivyo mpaka mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya masika, gari nyeupe ilipokuja ikasimama chini ya minazi ya njiani.

Alishuka mwanamke mtu mzima, mrefu, mweupe, amevaa buibui la kitambaa kizuri, na kijana wa kiasi cha miaka thelathini na tano mwenye utepe wa kupimia. Machano alikuwa nao, anatembea mbele kama mwenye mahala. Mize alitoka mlangoni, akafuta mikono.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mimi Hind. Huyu mtoto wa kaka yangu, Salem. Tunakaa mjini, Malindi." Alikuwa ameshauweka mkono ukutani. "Babu yangu kazaliwa hapa. Nilikuwa nasikia tu. Sikujua kama vidaka bado viko."

"Viko," akasema Mize. "Karibuni."

Salem alikuwa anapima. Alipima upana, akapima urefu, akapiga picha kila kidaka.

"Shangazi, ni kazi nzuri sana hii. Tukiukata kwa uangalifu utatoka mzima."

"Nini kitatoka?" akauliza Mize.

Salem akageuka, akamjibu kwa adabu. "Ukuta, mama. Tuna nyumba mjini tunaigeuza hoteli. Tutaukata huu vipande vipande, kila kipande na namba yake, tutausimamisha ukumbini. Wageni wakiingia tu, wanauona."

"Na hapa patabaki nini?"

"Mawe mengine kaka yako anayachukua, anatia misingi ya nyumba za kukodisha."

Mize akamtazama Machano. Machano akatazama minazi yake.

"Kaka, una mawe? Mbona hujapata kunambia?"

"Mize, usianze. Watu wazima wameshazungumza. Wewe utapata fungu lako, utajengewa jiko la kisasa kule bondeni."

"Bondeni kwenye chonga."

"Nshapatana nao," akasema Machano. "Ijumaa baada ya sala tunakwenda kwa sheha, tunamaliza. Jumamosi wanaleta mafundi."

Bi Hind hakupenda sauti ile. Akamsogelea Mize, akasema polepole, kama mtu anayetuliza.

"Ndugu yangu, mimi nnauokoa. Hapa mvua mbili tatu utaanguka, tutapoteza sote."

"Umesimama na mvua zote tangu babu yako hajazaliwa, Bi Hind. Leo ndio mvua imeota meno?"

"Lakini ni nyumba ya watu wangu, unanifahamu? Nina haki ya kuhuzunika."

"Huzunika, hakuna aliyekukataza. Watu wako walikaa humu. Watu wangu walipiga dari. Ingia huku." Akamshika mkono, akamtia ndani ya chumba, mbele ya tanuri. "Angalia juu."

Bi Hind akaangalia juu. Boriti zilikuwa nyeusi kwa moshi, na baina yake chokaa nyeupe kama juzi.

"Haivuji?"

"Haijapata kuvuja. Bibi mzaa bibi yangu alikaa juu ya kichwa chako hapo, na kijiti mkononi, na wenziwe. Walipiga kwa kuimba. Jina lake Mize, ndio langu."

Bi Hind aliendelea kutazama juu, shingo imeinuka. Alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri, na alijua ni kitu gani kilichokuwa kikisemwa bila ya kutajwa.

"Haya sisi hatukuambiwa," akasema mwisho.

"Nani angekuambieni? Waliopiga dari hawakualikwa kunywa kahawa."

Mize akambandulia mkate mmoja kutoka ukuta wa tanuri, akampa juu ya kawa. Bi Hind akaupokea. Aliondoka nao mkononi, anaumega ndani ya gari, na Mize hakujua kama amemshinda au amempa chakula cha njiani tu.

Jioni ile Riyama alikuja mbio, khabari imeshamfikia.

"Shoga, usihangaike. Sema lina mashetani. Sema mlifukiza uvumba yakakataa kuhama. Mimi nitapiga ukelele, nitaanguka hapo njiani, unajua nnavyoweza kuanguka. Fundi gani atashika nyundo?"

Mize akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, Riyama. Watu wote wameambiwa nyumba hii ya Waarabu, na ikishakuwa si ya Waarabu basi ni ya mashetani. Na mimi nikawape mashetani? Waliopiga dari watabaki wapi?"

"Sasa utakwenda na nini kwa sheha? Karatasi huna."

"Nnakwenda na kaka."

Riyama hakufahamu, na Mize hakumfafanulia.

Ijumaa baada ya sala baraza ya sheha ilijaa. Machano alikuwa amevaa kanzu mpya. Salem na Bi Hind walipewa viti. Wengine walikaa juu ya mikeka. Mize alikuja wa mwisho, na hakuja peke yake: alikuwa amemshika mkono Maalim Ubwa, ambaye macho yake yamefifia siku hizi, akamkalisha mahala pazuri karibu na sheha, akamwekea mto. Riyama akajibana mlangoni na wanawake wengine.

Machano alisema yake. Gofu liko ndani ya eka za mzee, mzee kafariki, yeye ndiye mtoto wa kiume, na wageni hawa wamekuja kwa wema. Alisema vizuri. Sheha akamgeukia Mize.

"Bi Mize, una la kusema?"

"Nina la kuuliza. Kaka, siku ya mirathi tulipofika gofuni, ulisema nini?"

"Nlisema mengi siku ile."

"Juu ya gofu."

Machano akacheka kidogo. Akawatazama watu wacheke naye, wawili wakatabasamu.

"Bwana sheha, ule ulikuwa mzaha. Kila mtu anajua. Watu walicheka."

"Nami nlipoachwa watu walicheka," akasema Mize.

Hakuinua sauti. Alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja, kama anayesimulia bei ya mtama.

"Ulikuwapo, kaka. Usi kasema barazani, kahawa imechelewa, na watu wakacheka, na wewe ulicheka. Asubuhi nkaja kwako nkakuuliza, je, ni mzaha? Hukunambia mzaha. Ulinambia, keshasema, Mize. Kasema mbele ya watu. Neno kama lile halina mzaha. Funga vitu vyako. Nkafunga. Nyumba nliyoijenga nkaiacha kwa neno lililotoka na kicheko. Mimi nlitii. Sasa na wewe umesema, tena mbele ya watu, na Maalim alikuwapo, na sheha alikuwapo. Neno la mwanamme lina nguvu likimtoa mwanamke nyumbani. Nataka kujua, likimpa nyumba, nguvu zake zinakwenda wapi?"

Mlangoni Riyama akasema, "Haya, jibu sasa," na wanawake wakamnyamazisha kwa viwiko huku wenyewe wanacheka.

Machano akakohoa. "Talaka ni jambo jengine. Hili ni gofu. Gofu si mnazi, wala halirithiwi."

"Kama halirithiwi," akasema Mize, "wewe unaliuza kwa haki gani?"

Hapo hata waliokuwa upande wa Machano walitazama chini kuficha meno. Sheha akamgeukia Maalim Ubwa.

"Maalim, wewe ndiye uliyegawa."

"Mimi nilitia alama," akasema Maalim Ubwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Mstari mmoja, jiwe la pembeni. Machano katoa, Mize kasema nimepokea, mimi nikatia chokaa nikasoma Fatiha. Sisomi Fatiha juu ya mzaha. Na toka siku ile yeye ndiye anayelifagia, na mkate wake nyote mnaula. Mtu akipewa kitu akakipokea akakikalia, mnataka awe na nini tena?"

Sheha alifikiri, kidole shavuni. Na yeye siku ile alikuwa amecheka mpaka machozi, na alikumbuka. Labda hilo ndilo lililomharakisha.

"Gofu la Bi Mize," akasema. "Anayelitaka akazungumze naye. Machano, minazi yako hakuna aliyeigusa."

Machano akainuka, akatikisa kanzu yake, akatoka. Hakumuaga mtu.

Salem alikuwa mtu wa biashara, hakupoteza wakati. Alivuta kiti chake kidogo upande wa Mize.

"Basi Bi Mize, tuzungumze mimi na wewe. Sema unachotaka."

"Nataka ukuta ukae pale ulipojengwa."

"Utaanguka, mama. Kweli nakwambia."

"Mimi nnajua kutia chokaa. Na wewe ukitaka kweli usianguke, unaweza kuleta chokaa. Hukusema nia yako ni kuuokoa?"

Salem akafungua mdomo. Bi Hind akamgusa mkono.

"Salem, kunja utepe wako," akasema. Halafu akamgeukia Mize. Alikuwa na macho mekundu, na Mize hakujua ni ya hasira au ya nini. "Nikija na wajukuu zangu kuwaonyesha alipozaliwa babu, utanifungulia?"

"Gofu halina mlango, Bi Hind. Njoo. Lakini ukishawaonyesha vidaka, uwatie na chumba cha pembeni. Waangalie juu, na mimi nitawaambia nani alipiga. Ukiwaonyesha kimoja, umewadanganya."

"Nitakuja," akasema Bi Hind.

Akaja kweli, na chokaa ikaja kabla yake, magunia yamepakiwa juu ya gari ile ile nyeupe. Mize hakuita mafundi. Aliita wanawake wa Kitongani, akapika pilau na kuoka mofa ya kutosha, na Riyama akaleta vijiti bapa vilivyochongwa na mumewe wa tatu. Maji ya mvua huingia kwenye ukuta kwa juu, kwenye kichwa chake. Hapo ndipo walipopanda kwa ngazi, wakamwaga chokaa na kokoto, wakapiga. Wimbo wa bibi Mize aliukumbuka nusu tu. Nusu iliyobaki Riyama aliitunga papo hapo, juu ya waume zake, na mapigo hayakukatika kwa sababu kila mtu alitaka kusikia wa pili alifanya nini.

Bi Hind alikaa chini kwenye kivuli na wajukuu wawili. Baadaye kidogo alivua viatu, akaomba kijiti.

"Kwa kuimba," Mize akamwambia kutoka juu. "Ukipiga bila ya kuimba utachoka."

Hakuna aliyemrudishia Mize nyumba ya Kiembe Samaki. Akipita kule kwenda kwa mdogo wa mama yake bado hugeuza uso, na akisikia jina la Usi bado hutema mate pembeni. Hajasamehe, na hana mpango wa kusamehe. Lakini anatembea vyengine siku hizi. Mtu akimuuliza anakaa wapi hasemi Kitongani. Anasema, "Kwangu, penye gofu," na anayesikia hujua ni wapi.

Masika yalipoingia, mvua ya kwanza ilimkuta Machano njiani na ng'ombe wake. Hakukuwa na pengine pa kujistiri. Aliingia chumba cha pembeni, amelowa, akasimama karibu na tanuri. Mize akambandulia mkate, akampa.

"Kula, kaka, ungali moto."

Machano akala. Mvua ilikuwa inapiga juu ya dari kama watu wamekaa safu. Mara akainua kichwa, akanyoosha kiganja.

"Haivuji?"

"Haivuji."

Akala mpaka akamaliza. Mvua ilipopungua akasogea mlangoni, na alipokuwa anatazama nje, mkono wake ukaangukia kwenye jiwe dogo lililolegea pembeni mwa mlango, jiwe zuri la kuzuia gurudumu la gari ya ng'ombe. Akalichomoa bila ya kufikiri, kama walivyozoea kufanya watu wa Kitongani tangu zamani.

"Kaka," akasema Mize, hata hakugeuka kutoka kwenye tanuri.

Machano akalitazama jiwe, kisha akalirudisha mahala pake, akalisukuma kwa kiganja mpaka likakaa.